TRENI YA KASI ZAIDI: KUPANGA NI KUCHAGUA

TANGU treni ya umeme ianze kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi imekuwa ya saa tatu na nusu hivi. Hili ni jambo la kujivunia, na wote waliolitolea jasho wanastahili pongezi.

Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Wapo wananchi wanaouliza: ikiwa treni yetu inakwenda kilometa 160 kwa saa, kwa nini tusijenge nyingine ya kilometa 300, kama za Japani na China? Miji hii miwili inakua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni tano Dar es Salaam, na Dodoma inazidi kupanuka tangu Serikali ihamie huko. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Tuanze na Japani yenyewe. Reli yao ya kasi kati ya Tokyo na Osaka, iliyofunguliwa mwaka 1964, haikujengwa kwa ajili ya fahari. Reli ya zamani ilikuwa imejaa treni za abiria na za mizigo hata ikakosa nafasi. Hata hivyo gharama zilifika karibu mara mbili ya makisio ya kwanza, na sehemu ya fedha ilikopwa Benki ya Dunia. Kilichoiokoa ni wingi wa abiria. Indonesia nayo ilifungua reli ya namna hiyo kati ya Jakarta na Bandung mwaka 2023. Gharama zilipita makisio kwa zaidi ya dola bilioni moja, na mwaka 2025 deni lake likawa mjadala mkubwa nchini humo.

Je, reli yetu imejaa? Tiketi zinaweza kugombewa siku za sikukuu, lakini njia yenyewe bado ina nafasi ya treni nyingi zaidi. Wala mwendo hauongezwi kwa kubadili kichwa cha treni tu. Treni ikiongeza mwendo mara mbili, umbali inaouhitaji ili isimame huongezeka kama mara nne. Kona lazima ziwe pana zaidi, na treni za mizigo haziwezi kuchanganywa nayo. Maana yake ni njia nyingine mpya, na milima ya Kilosa itobolewe tena. Yote hayo ili kuokoa kama saa moja na nusu! Nauli ya kawaida ya shilingi 31,000 iliyopangwa mwaka 2024 kwa wengi ni nzito. Je, hiyo ya kasi zaidi itakuwa ya nani?

Mkulima wa alizeti wa Singida na mwenzake wa pamba wa Shinyanga hawaombi kufika Dar es Salaam kwa saa mbili. Wanaomba behewa la mzigo.

Tusisahau pia kwamba mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliibomoa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mto hauulizi kama treni ni ya kasi au ya polepole.

Kwa hiyo, rai yetu ni kwamba shilingi inayofuata iende kwanza kuifikisha reli hii Mwanza na Kigoma, kuongeza mabehewa ya mizigo, na kuimarisha madaraja na kingo za mito. Wakati huo huo, wapimaji watenge mapema ardhi ya njia ya baadaye kabla haijajaa nyumba. Siku reli ya sasa itakapojaa kweli, wajukuu wetu watakuwa na mahali pa kujenga.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Anayekata nyaya za reli hamhujumu waziri wala mkandarasi. Anamhujumu mama aliye kituoni na mtoto mgongoni, anayesubiri treni.