Jina la Kuazima Katika Hati ya Kiwanja



Katika parokia zetu zilizo kando ya Ziwa Viktoria kuna ombi moja ambalo limekuwa la kawaida. Mgeni kutoka nchi za nje, aliyevutiwa na ziwa letu na miamba yake, amepata mahali pa kujenga nyumba ya kuishi, labda Igombe, labda Luchelele, labda ng'ambo huko Kamanga. Bei wamekwisha kupatana. Ndipo anapoambiwa kwamba sheria haimruhusu kukimiliki kiwanja hicho kwa jina lake. Basi anamtafuta Mtanzania mwaminifu, mtu wa kanisa ikiwezekana, ili aandikwe yeye katika hati. Na mara nyingi katekista au mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayeombwa kumtaja mtu huyo na kutia sahihi kama shahidi. Ombi huletwa kwa upole, pengine pamoja na ahadi ya mabati ya kigango. Maoni yangu ni kwamba tulikatae. Naomba nieleze sababu zangu bila kumhukumu mgeni yeyote, kwani wengi wao hawana nia mbaya.

Tuanze na sheria yenyewe. Katika Tanzania Bara ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hatimiliki tunayoizungumza kila siku ni haki ya kuikalia ardhi na kuitumia kwa muda na kwa masharti, kama vile miaka 33, 66 au 99. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inasema wazi kwamba mtu asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa na sheria za uwekezaji. Hata kampuni, kama wenye hisa walio wengi si raia, huhesabiwa kuwa si raia. Marekebisho ya mwaka 2004 yalifungua mlango wa ubia kati ya raia na mgeni, lakini ni kwa uwekezaji uliokubaliwa tu. Nyumba ya kupumzikia uzeeni haimo.

Vijijini masharti ni makali zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake, hata ikiandikwa mbele ya mashahidi kumi na kupigwa picha, haiwezi kushika nafasi ya uamuzi wa wanakijiji. Wala tusidanganyike na habari za Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake, na anayoyaona mgeni kule Fumba hawezi kuyadai hapa Mwanza.

Wako wanaoliita katazo hili ubaguzi. Sikubaliani nao. Sheria hizi hazikutungwa gizani. Mwaka 1991 na 1992 Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi ikisikiliza malalamiko ya wananchi juu ya ardhi, ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha sheria zenyewe. (Ni kweli kwamba Serikali haikuyapokea mapendekezo yote ya Tume, hasa lile la kuiondoa ardhi katika udhamini wa Rais, lakini huo ni mjadala mwingine.) Wala si sisi peke yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa asiye raia ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Meksiko humzuia mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilometa 50 kutoka pwani. Akitaka nyumba huko, benki humshikia kama mdhamini, kwa mkataba unaojulikana na Serikali. Pengine Bunge letu lingefaa kutafakari njia ya namna hiyo. Tofauti iliyopo kati ya benki ile na ndugu yetu anayeombwa jina lake ni kwamba ile inashika mali ya mgeni hadharani, huyu anaishika kwa siri.

Na siri ndiyo inayozaa dhuluma. Tuchukue mfano. Hati imetoka kwa jina la kijana dereva, Mkristo mzuri, baba wa watoto watatu. Mgeni amelipia kiwanja, amejenga, ameweka tangi la maji na ukuta. Kabatini kuna karatasi ambayo wawili hao wameandikiana, isemayo kwamba nyumba ni ya mgeni na kwamba dereva ameazimisha jina tu. Karatasi hiyo ina nguvu gani? Sheria ya Mikataba haiyatambui mapatano ambayo lengo lake si halali, na lengo la karatasi hii ni kuikwepa Sheria ya Ardhi. Dereva akifariki barabarani, mjane na ndugu wa marehemu wataikuta hati yenye jina la mpendwa wao, na msimamizi wa mirathi ataiorodhesha nyumba kama mali ya marehemu. Je, atakuwa amekosea? Serikali yenyewe imeandika hivyo. Dereva akibanwa na ada za shule akaiweka hati dhamana benki, mkopo ukamshinda, benki itaiuza nyumba na mgeni hatakuwa na mlango wa kubisha, maana ili alalamike ni lazima kwanza akiri kwamba yeye mwenyewe aliizunguka sheria.

Kwa kawaida tukifika hapa tunamhurumia mgeni, nasi tuna haki ya kumhurumia. Akiba ya miaka thelathini ya kazi si kitu kidogo. Lakini mimi namfikiria zaidi yule dereva. Kodi ya pango la ardhi inadaiwa kwa jina lake. Majirani wanamwita tajiri. Ndugu zake wanamlaumu kwa uchoyo, kwa kuwa hawezi kuwaambia kwamba nyumba si yake. Siku mgeni atakapokasirika, atamwita mwizi. Kila siku tunamwomba Mungu asitutie kishawishini, kisha tunamwekea maskini kishawishi cha mamilioni ya shilingi katika kabati lake na kumtaka awe mtakatifu.

Matatizo ya wageni na hati hayakuanza kwetu. Huko Kupro, kisiwa ambacho Mtakatifu Paulo alikihubiri pamoja na Barnaba, maelfu ya wanunuzi, wengi wao Waingereza waliostaafu, walilipia nyumba zao kikamilifu lakini hawakupata hati, kwa sababu wajenzi walikuwa wamekwisha kuiweka ardhi ileile rehani benki. Ilibidi Bunge la huko litunge sheria mwaka 2015 kwa ajili ya wanunuzi hao walionaswa. Na upande wa kaskazini mwa kisiwa kuna jambo zito zaidi. Huko wageni walinunua viwanja ambavyo wenyewe, Wakupro wenye asili ya Kiyunani, walivikimbia wakati wa vita vya mwaka 1974. Shauri la nyumba moja ya namna hiyo huko Lapithos lilitolewa uamuzi na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2009. Na Januari 2010 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba hukumu ya Kupro, iliyowaamuru wanunuzi kuibomoa nyumba na kumrudishia mwenye ardhi kiwanja chake, ina nguvu hata Uingereza. Wanunuzi walikuwa na karatasi. Walichokosa ni kuuliza ni nani aliyekuwapo hapo kabla yao.

Swali hilohilo yatupasa kuliuliza katika fukwe zetu. Eneo ambalo dalali analiita tupu, mara nyingi si tupu. Hapo akina mama huanika dagaa. Hapo watoto huchota maji na ng'ombe hunyweshwa. Hapo mitumbwi huvutwa jioni. Mwalo hauna hati, lakini una watu wanaoishi kwa huo. Ukuta ukijengwa hadi majini, mama aliyekuwa akianika dagaa hatua hamsini kutoka mtumbwini sasa anabeba mzigo kuzunguka ukuta, na hakuna aliyemlipa chochote, kwa sababu pesa yote alipewa mtu mmoja aliyejitokeza akisema shamba ni la babu yake. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lenyewe lilikumbusha sheria hiyo mwaka 2020, lilipofikia kiwango cha juu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, na maji yakaingia katika nyumba za watu. Mgeni aliyeuziwa kiwanja cha mita 20 kutoka majini ameuziwa kesi, na mara nyingine mafuriko.

Biblia inatuonyesha mgeni mwingine aliyenunua ardhi ugenini. Abrahamu alipofiwa na Sara alihitaji mahali pa kumzikia, naye hakuwa na hata shubiri moja ya ardhi katika nchi ile. Hakumtafuta mtumishi wa kuandikwa badala yake. Alikwenda langoni pa mji, akasimama mbele ya wenyeji wote, akajitambulisha kuwa mgeni, akakataa kupewa bure, akapima fedha shekeli mia nne machoni pa watu. Shamba, pango na miti iliyomo vilitajwa kimoja kimoja. Mauziano yale yalikuwa na mashahidi mji mzima.

Njia za wazi zipo hata hapa kwetu, ingawa hazimpi mgeni kila anachotamani. Anaweza kupanga nyumba kwa mkataba wa maandishi na kuishi kwa amani. Mwenye mradi wa kweli, iwe hoteli au kiwanda, aende kwa mamlaka ya uwekezaji ya taifa apate haki yake humo. Aliyeoa au kuolewa na raia asidhani kwamba cheti cha ndoa kimemfanya raia; aombe uraia kama sheria inavyoelekeza, au nyumba iandikwe kwa jina la mwenzi wake kwa moyo mweupe, ikiwa ni mali ya mwenzi kwelikweli.

Kuna kundi moja linalonisikitisha, nalo ni watoto wetu wenyewe waliokwenda Uingereza, Marekani au Kanada wakachukua uraia wa huko. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Na hapo kiwanja alichomtumia kaka yake fedha akinunue Buswelu huingia katika mashaka yaleyale ya mgeni. Mwaka 2024 Serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili wenye asili ya Tanzania wapate hadhi maalumu. Wenye ndugu huko wawaambie waende Uhamiaji na Ofisi ya Ardhi kuuliza utaratibu kabla hawajatuma fedha, badala ya kumtegemea kaka.

Na kwa yeyote, raia au mgeni, anayeonyeshwa hati: nakala si kitu. Aende Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, alipie upekuzi, aambiwe hati ni ya nani, kama kuna rehani au zuio, na kama kodi imelipwa. Amwone mke au mume wa muuzaji, uso kwa uso. Awaulize majirani wa pande zote nne.

Kuhusu sisi, napendekeza kila Halmashauri ya Walei katika parokia zilizo kando ya ziwa iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao chake kijacho, na iamue kwamba muhuri wa parokia wala sahihi ya katekista kwa cheo chake havitatumika katika mauziano ya viwanja vya watu binafsi. Katika kikao hichohicho viangaliwe viwanja vya vigango vyetu. Vingi vilitolewa na wazee kwa neno la mdomo, wazee hao wanaendelea kututoka, na wajukuu wao wameanza kuuliza mipaka. Vipimwe mapema, nao wajukuu hao waitwe siku ya kupima.