Mtoto Akipigwa Risasi Mguuni au Mkononi

Risasi iliyopotea njia haiulizi umri. Yaweza kumkuta mtoto dirishani, dukani au akitoka shuleni. Juma hili tuzungumzie majeraha ya mikono na miguu, kwani mengi hupona vyema iwapo mambo ya mwanzo yatafanywa sawasawa.

Adui wa kwanza ni kutokwa na damu. Mtoto wa kilo 20 ana takriban lita 1.6 za damu, hivyo kiasi ambacho mtu mzima angestahimili chaweza kumuua. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia ili kuchungulia. Damu ikizidi kufoka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, lakini si kwenye goti wala kiwiko. Kaza kwa kijiti hadi damu ikome, andika saa, na usifungue mpaka hospitalini. Usichokoe risasi, wala usitie majani au mafuta ya taa.

Hospitalini, daktari hupima mapigo ya damu na hisia vidoleni, hupiga picha ya eksirei, huosha jeraha na kutoa sindano ya pepopunda. Wazazi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba risasi itaachwa ndani. Msishtuke. Ikiwa imetulia katika nyama, kuichimba huenda kukadhuru zaidi. Iliyoingia kwenye kiungo ndiyo hutolewa, kwani huharibu kiungo hicho na madini yake yaweza kuingia damuni.

Kumbukeni pia kwamba mtoto angali anakua. Karibu na ncha za mifupa yake kuna tabaka laini linalorefusha mfupa. Likiumia, mguu waweza kubaki mfupi au kupinda miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Kwa hivyo msiache kliniki ati kwa sababu anatembea tena. Na maumivu yakizidi ndani ya plasta, au vidole vikifa ganzi, mrudisheni usiku huo huo.

Kuna wazazi wanaomficha kijana nyumbani kwa kuhofia polisi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Fomu ya P3 yaweza kujazwa baadaye. Mfikisheni hospitalini kwanza, kisha mkapige ripoti.