Nyumba ndogo ya mheshimiwa inatuhusu nini?

Nimerudi chuo jana kutoka nyumbani Lupepo. Mvua ya Tukuyu ilitufungia ndani, basi porojo zikaishia kwenye nyumba ndogo za waheshimiwa. Mjomba akasema, "Anayemdanganya mkewe ataidanganya na nchi." Wote wakaitikia. Mimi nikakataa, na hapa nakataa tena.

Hivi jamani, wangapi wametulia na mke mmoja na bado wanakula hela za madawati? Machi 2009 Rais Kibaki aliita waandishi Ikulu ya Nairobi, Mama Lucy yupo pembeni, akawaambia Wakenya ana mke mmoja tu. Januari mwaka huohuo alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la taifa. Sasa hiyo hesabu ya wake ilimshibisha nani?

Sisemi tufumbe macho. Nauliza mawili tu: kodi ya hiyo nyumba ndogo analipa nani? Na huyo dada aliweza kusema hapana? Gari la serikali likilala huko, linatuhusu. Akiwa ni binti aliyekwenda kuomba kazi akawekewa sharti, hayo si mapenzi, ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inasema ni kosa. Na sisi wa ualimu tusicheke, kesho tutashika kalamu ya maksi.

Mengine amalizane na mkewe. Mjomba bado kanuna. Naomba kuwasilisha.