Ukitaka kanji ikae kichwani, acha kukariri orodha

Wengi wetu tulioingilia Kijapani kupitia anime tunaanguka shimo moja. Unafungua daftari, unachora herufi moja ya kanji, kisha chini yake unapanga matamshi yote kama bei za mboga. Wiki mbili baadaye, daftari liko chini ya kitanda.

Mimi niliokolewa na neno moja la kawaida kabisa: 勉強. Linasomwa "benkyō" na maana yake ni kusoma, yaani masomo. Herufi ya kwanza inabeba maana ya kujitahidi, ya pili nguvu. Lakini hiyo ya pili ni kinyonga! Ndani ya benkyō inasomwa "kyō". Kwenye 強い, yaani -enye nguvu, neno ni "tsuyoi". Kwenye 強盗, wizi wa mabavu, inageuka "gō" na neno zima ni "gōtō". Na 強いる, kulazimisha, ni "shiiru".

Sasa niambie, ukariri hayo yote kwa orodha ili iweje? Hata "kata" hatukujifunza hivyo. Tulisikia kata kiu, kata tamaa, kata rufaa, kila moja mahali pake, na zikakaa. Kanji ni vivyo hivyo. Shika benkyō kama neno, na hiyo "kyō" itakuja bila kuitwa.

Najua kuna watakaosema orodha ni njia ya mkato, hasa mtihani wa N5 ukikaribia. Sawa, lakini orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136, na nyingi zina matamshi zaidi ya moja. Utakariri hadi lini? Kabla niache chuo nilikuwa bingwa wa kukariri. Nilipita mitihani, na wiki iliyofuata sikumbuki kitu. Ukweli ni kwamba sikuwa nasoma, nilikuwa najilazimisha tu. Sitaki kuifanyia lugha ninayoipenda vile nilifanyia masomo yangu.

Tena kuna vitu orodha haitawahi kukuambia. Muuzaji wa Japani akimwambia mteja "benkyō shimasu", huenda hasomi chochote. Anampunguzia bei, anajikaza kwa ajili yake.

Kwa hivyo leo chagua neno moja tu, ulitie kwenye sentensi, uliseme kwa sauti. Yangu ni hii: Nihongo o benkyō shite imasu. Ninasoma Kijapani.