Kimya cha Visiwani si Ridhaa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, mazungumzo ya namna moja husikika bandarini Nyamisati, sokoni Kibiti na katika mabaraza ya Salale, Mbwera na Maparoni. Mmoja huuliza: "Je, Rais atarudi?" Mwingine hujibu: "Alikwenda wapi hata arudi?" Watu hucheka, kisha kila mmoja hushika kasia lake.

Kicheko hicho ndicho tunachotaka kukizungumza leo. Wako viongozi wanaokihesabu kuwa utovu wa adabu, na wako wanaodhani ni ujinga wa watu wasiosoma. Sisi hatukubaliani nao. Watu wa Delta ni watu wa kupima. Maisha yao yote hutegemea kujua maji yanajaa lini na yanapwa lini, lini ni bamvua na lini ni maji mafu. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba kura yake haina kazi, basi amekwisha kupima. Wajibu wa mwenye dhamana ni kumwuliza ameona nini, wala si kumkemea.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, Rais alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana, na hapakuwa na mtu aliyekuwa na shaka juu ya jibu. Hata hivyo kura ya ubunge ilikuwa na uzito wake. Wapiga kura wa Rufiji walimwangusha Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka nchi kuijenga TANU na ambaye jina lake lilijulikana pwani nzima. Huko Mwanza akaanguka Ndugu Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Hatusemi kwamba walistahili kuanguka. Tunasema kwamba siku ile mkulima wa mpunga wa bondeni alitamka neno, na neno lake likafika Dar es Salaam bila ya kuhitaji mkalimani.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2010. Mwaka 2005 Ndugu Jakaya Kikwete alichaguliwa kwa kura 9,123,952, yaani zaidi ya asilimia 80. Alipoomba kipindi cha pili alipata kura 5,276,827, ingawa daftari la wapiga kura lilikuwa limeongezeka kutoka watu milioni 16.4 hadi milioni 20.1. Alishinda, lakini kila mwenye macho aliona kwamba jambo limebadilika. Kabla ya mwaka huo kwisha, Rais mwenyewe alitangaza kwamba nchi itaandika Katiba mpya. Kura zilizopungua, pamoja na zile zilizokwenda kwa wapinzani wake, zilikuwa taarifa, na taarifa hiyo ilipokewa. Kwa bahati mbaya kazi ile haikufika mwisho. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika. Na hapo pia wananchi walipima, wakaona.

Lakini mwaka huo wa 2010 una funzo jingine, nalo linawahusu wale wanaosema dawa ni kukaa nyumbani. Zaidi ya watu milioni 11 walioandikishwa hawakupiga kura. Walitaka kusema nini? Wengine walisema ni wavivu. Wengine walisema wameridhika, kwa hiyo hawakuona haja. Wengine walisema daftari lilijaa majina ya marehemu. Kura husema neno lake yenyewe. Kimya husemewa na kila mtu kwa kadiri apendavyo. Aliyesusa hakumpunguzia mshindi hata kura moja, kwa kuwa sheria yetu huhesabu kura zilizopigwa, wala haihesabu hasira zilizobaki majumbani.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeshika madaraka Machi 2021 baada ya kifo cha Rais John Magufuli, aligombea urais kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti wa Chadema, Ndugu Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini na chama chake hakikuwamo katika kinyang'anyiro. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Ndugu Luhaga Mpina, aliondolewa. Tume ilitangaza kwamba Rais amepata asilimia 97.66 ya kura, na kwamba asilimia 87 ya walioandikishwa walijitokeza. Siku hiyo hiyo maandamano na ghasia zilizuka mijini, watu wakauawa, intaneti ikafungwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC, ambao si maadui wa nchi hii, walisema kwamba uchaguzi ule haukufikia kanuni walizojiwekea.

Tunawauliza watumishi wa Serikali swali moja. Asilimia 97 inamfundisha nini Mkuu wa Wilaya? Je, inamwambia ni kisiwa gani hakina zahanati, ni mwalimu gani hajaonekana shuleni, ni wavuvi gani wa kamba wanaonung'unika? Haimwambii lolote. Kiongozi aliyepewa jibu hilo ni sawa na nahodha aliyeambiwa kwamba kina ni kile kile kila mahali. Atafurahi mpaka atakapopanda fungu.

Kwa Kibiti jambo hili lina uchungu wa peke yake. Kati ya mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa katika eneo la Jaribu. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Watu walijifunza kwamba kuna maneno yasiyosemwa hata barazani. Kwa hiyo afisa anayefika kijijini na kukuta watu wamenyamaza asiharakishe kuandika katika taarifa yake kwamba hali ni shwari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwenye kovu usidhani amepoa.

Yafaa nini basi? Kwa upande wa Serikali, imani hairudishwi kwa hotuba. Wagombea wasiondolewe kwa makosa madogo ya kujaza fomu, kama ilivyolalamikiwa katika chaguzi za serikali za mitaa za mwaka 2019 na 2024. Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama kuchunguza matokeo ya urais yaliyotangazwa na Tume, irekebishwe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikwisha kutoa hukumu juu ya jambo hilo mwaka 2020. Mshindi wa haki hana sababu ya kuogopa kuhesabiwa mara ya pili.

Kwa upande wenu, ndugu zetu wa visiwani, tunawaomba msiache mikono yenu ilegee. Mkutano mkuu wa kijiji ni mali yenu, na mapato na matumizi ya kijiji ni haki yenu kusomewa. Anayedai hesabu ya ushuru wa kijiji chake leo anajizoeza kudai hesabu ya kura kesho. Uchaguzi wa serikali za mitaa utakuja mwaka 2029, na uchaguzi mkuu mwaka 2030. Kwa mujibu wa Katiba, Rais Samia hataweza kugombea tena mwaka huo. Kwa hiyo swali la "atarudi?" halitakuwapo; litakalobaki ni kama sauti ya mwananchi itarudi.

Jibu la swali hilo liko kwa pande mbili. Mwananchi wa Delta yuko tayari kuvuka mkondo kwa mtumbwi akapige kura, mradi ajue kwamba ng'ambo ya pili yuko mtu atakayeihesabu. Serikali ikimhakikishia hilo, kicheko cha Nyamisati kitakoma chenyewe. Isipomhakikishia, isishangae siku kicheko kitakapokoma kwa namna nyingine.