Nyongeza ya Ada Humwangukia Mtoto Yupi?



Kila suala la ada za vyuo vikuu linapofika Bungeni hapa Kampala, waheshimiwa husimama wakazungumza asilimia. Ngapi ziongezwe, ngapi zipunguzwe. Sisi tulioko nyumbani hatuhesabu kwa asilimia, tunahesabu kwa watoto, na naona hapo ndipo mjadala wetu unapopotea njia.

Tukumbuke Oktoba 2019. Baraza la Chuo Kikuu cha Makerere lilikuwa limepitisha mwaka 2018 kwamba ada zipande asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano. Wanafunzi wakaandamana, na waliotangulia mbele walikuwa mabinti. Askari wakaingia chuoni, wakavamia mabweni usiku, la Lumumba likiwemo, na Bungeni nako yakazungumzwa kwa ukali. Walikuwa na haki ya kukasirika, maana mwana wa mtu hapigwi kwa kuuliza habari za ada. Lakini kelele za virungu ziliifunika hesabu yenyewe, nayo ilistahili kusomwa polepole.

Chuo kilisema kwamba aliyekwisha ingia hataguswa. Atalipa ada aliyoingia nayo mpaka amalize, na nyongeza itawahusu wapya tu. Ukisikia haraka haraka utaona ni huruma. Sasa chukua karatasi. Tuseme kaka aliingia 2017 kwa shilingi milioni 1 kwa muhula. Anayeingia 2018 analipa 1,150,000. Wa 2019 analipa 1,322,500. Sera ile kama ingefuatwa mpaka mwisho, mdogo wao wa 2022 angedaiwa zaidi ya milioni 2, kwa kozi ile ile na darasa lile lile. Mzigo haukumwangukia mwanafunzi aliyekuwa barabarani na bango. Ulimwangukia mdogo wake aliyekuwa bado sekondari, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Na nyumba zetu zina watoto wanne, watano, wengine saba, alhamdulillah.

Jirani yangu mmoja, Hajati, anauza vitambaa. Mwanawe wa kiume yuko chuoni. Binti anayemfuata alimaliza S.6 kwa alama nzuri kuliko za kaka yake, akapata nafasi ya kusomea sheria, kwa kujilipia. Hajati alikaa na mumewe wakapiga hesabu mpaka usiku, kisha wakamwambia binti, "Subiri kaka amalize." Neno hilo "subiri" wazazi tunalisema kwa upole sana, na mara nyingi huwa tunamwambia msichana. Chuo hicho hicho cha Makerere kimekuwa kikiwaongezea wasichana pointi 1.5 tangu 1990 ili waingie kwa wingi. Pointi zinamfikisha mlangoni, lakini ada inamsimamisha hapo hapo.

Wako watakaosema mikopo ipo. Kweli, Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya wanafunzi mwaka 2014. Lakini kwa shahada mikopo ile ilielekezwa kwenye sayansi, na binti yetu anataka sheria. Tena hulipa ada, haiwalipii chakula wala malazi. Na familia nyingi za Kiislamu husimama kwanza kwenye swali la riba kabla ya kutia saini, jambo ambalo sijasikia likipewa muda wa kutosha ndani ya ukumbi ule.

Sisemi ada isipande kamwe. Walimu wanadai haki zao. Mwaka 2016 mgomo wao ulifika mahali Rais akakifunga chuo. Nafasi zinazolipiwa na serikali kwa mwaka ni kama 4,000 katika nchi yenye vijana wengi namna hii, na fedha lazima zitoke mahali. Ninachotaka ni kidogo. Sheria ya vyuo vikuu ya 2001, iliyotungwa na Bunge hilo hilo, imeyapa mabaraza ya vyuo kazi ya kupanga ada. Basi wabunge badala ya kulaumu baraza kila kukizuka fujo, wairekebishe sheria yao: ada atakayoingia nayo mtoto itangazwe anapoanza S.5, miaka miwili kabla, na chuo kieleze sababu zake mbele ya kamati ya Bunge ya elimu. Miaka miwili mzazi anaweza kuuza kiwanja bila kupunjwa, au kuweka akiba, au hata kumshauri mtoto kozi nyingine mapema. Kutoka Bungeni hadi mlima wa Makerere ni safari fupi ya boda boda, sioni ugumu wa kuja kueleza.

Binti wa Hajati sasa anashona mapazia dukani kwa mama yake. Vitabu vya S.6 amempa mdogo wake. Kaka amebakiza mihula miwili.