Aliyesikiliza Amesoma

Hapa mjini kuna walinzi wa vitabu ambao hakuna aliyewaajiri. Ukisema umemaliza riwaya, wanauliza: umeisoma ama umeisikiliza? Ukijibu umeisikiliza, wanakuangalia kama makanga aliyepewa noti imeraruka. Eti hiyo haihesabiki.

Zii. Inahesabika. Na kwa hadithi za mauaji nitaenda mbali zaidi: masikioni ndiko kwao.

Chukua The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyotoka 1926. Tajiri wa kijiji anakutwa ndani ya chumba chake amedungwa kisu. Anayetusimulia ni Daktari Sheppard, ambaye dada yake, Caroline, anajua mambo ya kila mtu bila hata kutoka nyumbani. Umbea kama huo uliwahi kuandikiwa macho? Ukiusikiliza, unamjua Caroline papo hapo. Kila ploti ina wake. Na wakati unamcheka, kidokezo kimeshapita, kimejificha katikati ya maneno ya kawaida. Kwenye karatasi ungepekua kurasa za nyuma, ama ukishindwa na tamaa uchungulie ule wa mwisho. Kwa sauti unafuata mwendo wa msimulizi, pole pole, mpaka akufikishe.

Sitakuharibia utamu, lakini jua hili: kuna anayeshikilia kwamba alimsikia Ackroyd akiongea nyuma ya mlango saa tatu na nusu usiku. Kesi inaning'inia kwenye sauti hiyo. Kweli hadithi ya namna hii ni aibu kuisikiliza?

Halafu kuna historia. Mwaka 1935, taasisi ya kitaifa ya vipofu ya Uingereza ilianza kutoa vitabu vya sauti kwenye sahani za santuri. Miongoni mwa waliolengwa ni wanajeshi waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kati ya vitabu vya mwanzo kabisa kilikuwa hiki hiki cha Roger Ackroyd. Sasa enda umwambie askari yule kwamba hakusoma. Ama umwambie kipofu yeyote wa Nairobi leo. Ukiona haya kumwambia yeye, basi usiniambie mimi.

Najua pingamizi: ukisikiliza, mawazo hutangatanga. Ni kweli. Lakini hata macho hupita kurasa tatu nzima huku akili ikihesabu kodi ya nyumba. Kukosa makini si ugonjwa wa sikio.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Nikitaka muuaji asakwe masikioni mwangu, Kiingereza kimejaa tele. Na sisi tuna mpelelezi wetu, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia kitabuni mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, kiko chake mdomoni. Wengi wetu tunamsikia akitajwa darasani tu, kama swali la mtihani. Nataka kumsikia mwenyewe, kwa lafudhi ya Unguja, akimhoji mtu taratibu mpaka ajikwae. Lugha iliyolelewa kwa paukwa pakawa haina sababu ya kuonea haya sikio.

Kwa hivyo wachapishaji, wacheni kungojea ruhusa ya wale walinzi. Ingieni studio. Sisi tuko kwa jam, masikio wazi.